Somo kwa Vyama vya Msingi: Kirusi Kinachokaa Kimya na Saratani ya Mlango wa Kizazi

Somo hili limeandaliwa lisomwe kwa sauti katika mikutano ya wanachama, kisha lijadiliwe katika vikundi. Makatibu wanaombwa walisome kwanza peke yao, kwa sababu lina maneno yasiyozoeleka kutamkwa mbele ya watu wa rika na jinsia mbalimbali. Maneno hayo hayakuwekwa kwa kukosa adabu. Yamewekwa kwa kuwa ugonjwa unaoonewa haya kutajwa huendelea kuua, na huu unaoelezwa hapa unawaua wake, mama na dada za wanachama ilhali unaweza kuzuiwa.

1. KWA NINI JAMBO HILI LIFIKISHWE KATIKA USHIRIKA

Wako watakaouliza: Je, kazi ya chama si kupima pamba, kuitunza ghalani na kuwalipa wakulima? Magonjwa ya akina mama yanaingiaje katika mambo ya ushirika?

Jibu liko shambani. Pamba inayofikishwa kwenye mizani ya vyama vya Kwimba, Magu na Misungwi imepaliliwa na kuchumwa kwa sehemu kubwa na mikono ya wanawake. Dagaa wanaoanikwa katika fukwe za Ukerewe na Sengerema hugeuzwa juani na wanawake. Lakini katika daftari la wanachama, jina lililoandikwa kwa niaba ya kaya mara nyingi ni la mume. Mume ndiye anayeitwa mkutanoni, ndiye anayetia sahihi, na ndiye anayeshika fedha za msimu. Kwa hiyo habari inayomhusu mke, kama haikupitia kwa mume, mara nyingi haifiki. Na nauli ya kwenda hospitali, isipotoka mfukoni mwa mume, haitoki.

Hapo ndipo chama kinapohusika. Misingi ya ushirika iliyopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995 inavitaka vyama vitoe elimu na habari kwa wanachama, na pia vijali hali ya jamii inayovizunguka. Wala jambo hili si geni katika nchi hii. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya kusoma, wakasikiliza redio, wakajadili magonjwa yaliyowasumbua, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Elimu ilisomwa pamoja, na kazi ikafanywa pamoja. Somo hili linafuata njia hiyo hiyo.

2. UKUBWA WA TATIZO

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya nyumba ya uzazi, inayotokeza ndani ya uke. Saratani ya sehemu hiyo ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake wa Tanzania, kwa idadi ya wanaougua na kwa idadi ya wanaokufa pia. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya wapatao 10,000 nchini kwa mwaka mmoja, na vifo zaidi ya 6,000. Duniani kote, mwaka 2022, wanawake wapatao 660,000 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na wapatao 350,000 walifariki. Idadi kubwa kabisa ya vifo hivyo ilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Tofauti hiyo haitokani na kabila wala rangi. Katika nchi tajiri, wanawake wengi walianza kupimwa miaka mingi iliyopita wakiwa bado wazima. Katika nchi maskini, wengi hufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kukomaa. Ugonjwa ni mmoja. Kinachotofautiana ni siku ya kufika kwa mganga.

3. KIRUSI NI NINI, NA KUKAA KWAKE MWILINI NI NINI

Kirusi ni kitu kidogo mno, kisichoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Hakiwezi kuzaliana chenyewe. Hapana budi kiingie ndani ya chembe hai ya mwili, kiitumikishe chembe hiyo, na kuzalisha virusi vingine kama chenyewe.

Virusi vingine huingia na kutoka. Mtu hupata mafua, huugua siku chache, na mwili huvishinda. Vingine huingia na kukaa. Kirusi cha homa ya ini aina ya B chaweza kukaa katika ini miaka mingi, na baada ya miaka hiyo kuleta saratani ya ini. Maambukizi ya namna hii ndiyo yanayoitwa maambukizi ya kudumu. Mwenye nayo hulima, hupika, huzaa na kulea bila kuhisi lolote. Wahenga walikwisha kusema kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Saratani nayo ni uasi wa chembe za mwili wenyewe. Katika hali ya afya, kila chembe ina walinzi wanaoizuia isigawanyike ovyo, na wanaoiamuru ife inapoharibika. Chembe iliyopotewa na walinzi hao huzaliana bila mpaka, hufanya uvimbe, na hatimaye huenea katika viungo vingine.

4. FUNDISHO LILILOTOKA KATIKA UKANDA HUU WA ZIWA

Kwa miaka mingi wataalamu wengi hawakukubali kwamba kirusi chaweza kumletea binadamu saratani. Fundisho kubwa la kwanza lilitoka katika ukanda huu huu wa Ziwa Victoria. Katika Hospitali ya Mulago, mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona watoto wengi wakiletwa na uvimbe mkubwa wa taya, na mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo. Aliona pia kwamba ulifuata maeneo ya joto na mvua, yaani maeneo ya malaria. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembe zake. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuwa na uhusiano na saratani ya binadamu.

Jambo la kukumbukwa katika habari hiyo ni hili: kirusi kile huwaingia karibu watu wote duniani, lakini ni wachache wanaopata saratani. Lazima liwepo jambo la pili la kukisaidia, na kwa watoto wale jambo hilo lilikuwa malaria isiyokoma. Mfano huo utarudi tena mbele katika somo hili.

5. KIRUSI CHA MLANGO WA KIZAZI

Kirusi kinachohusika na saratani ya mlango wa kizazi huitwa kirusi cha papiloma, au kwa kifupi HPV. Ziko aina zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara makubwa. Baadhi huleta sugu za ngozi tu. Aina zipatazo 14 ndizo za hatari. Mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, pamoja na wenzake, waligundua aina ya 16 mwaka 1983 na aina ya 18 mwaka uliofuata, wakizikuta ndani ya saratani za mlango wa kizazi. Aina hizo mbili peke yake ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel. Tuzo ya mwaka huo iligawanywa, na sehemu nyingine ilitolewa kwa wagunduzi wa kirusi cha UKIMWI.

HPV ya hatari inapokaa muda mrefu katika chembe za mlango wa kizazi, huzifanya zitengeneze vitu viwili ambavyo huwafunga mikono wale walinzi wa chembe waliotajwa juu. Hapo chembe huanza kuzaliana bila kuzuiwa. Kwa sababu hiyo kirusi hiki hukutwa katika karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Husababisha pia sehemu ya saratani za uke na za sehemu za siri za nje. Mkutano usije ukachanganya mambo, kwani saratani ya vifuko vya mayai na ya mfuko wa uzazi wenyewe hazihesabiwi kuwa kazi ya kirusi hiki.

HPV huenezwa hasa kwa kujamiiana. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana, mwanamume au mwanamke, hukutana nacho wakati fulani. Mipira ya kiume hupunguza hatari lakini haiondoi yote, kwa kuwa kirusi hukaa hata katika ngozi isiyofunikwa. Wanaume hukibeba na kukipitisha bila kujua.

Hapa inafaa waume wasikilize kwa makini. Kukutwa na HPV si hati ya kumhukumu mke. Kirusi chaweza kuwa kiliingia miaka mingi iliyopita, kabla ya ndoa hii, na chaweza kuwa kililetwa na mume mwenyewe. Mwanaume anayemfukuza mkewe kwa majibu ya kipimo anaadhibu asilolijua, na anawafundisha wanawake wengine wa kijiji wasiende kupimwa.

6. MIAKA AMBAYO UGONJWA HUTOA

Hiki ndicho kiini cha somo. Katika wanawake kumi wanaopata HPV, wapatao tisa miili yao hukishinda kirusi chenyewe katika muda wa miaka miwili. Kwa waliobaki, kirusi hudumu. Kwa baadhi yao chembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika. Mabadiliko hayo bado si saratani, bali ni dalili za awali ambazo mwanamke hazihisi lakini mganga aweza kuziona. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, safari kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20.

Kama ilivyo kwa uvimbe wa watoto wa Uganda, yako mambo yanayokisaidia kirusi. Kubwa kuliko yote ni kirusi cha UKIMWI. Mwanamke anayeishi na VVU yuko katika hatari ya kupata saratani hii mara sita zaidi ya asiye na VVU, na kama kinga yake imedhoofika bila matibabu, safari ile ya miaka 15 au 20 yaweza kufupika ikawa miaka 5 hadi 10. Jambo hili lina uzito wa pekee kandoni mwa ziwa, kwa kuwa jamii za wavuvi zimeathirika na VVU kuliko watu wengine kwa jumla. Uvutaji wa tumbaku, kuanza kujamiiana katika umri mdogo, na kuzaa mara nyingi navyo huongeza hatari.

Kila katibu ajuaye ukaguzi ataielewa hesabu hii. Upungufu wa fedha katika chama huanza na tofauti ndogo katika kitabu cha mapokezi. Mkaguzi akiiona mwezi wa kwanza, husahihishwa kwa kalamu. Ikiachwa misimu kumi, chama hufilisika, na wakulima hukosa malipo yao. Mkaguzi haitwi kwa sababu chama kimekwisha kufilisika. Huitwa wakati vitabu vinaonekana viko sawa. Ugonjwa huu nao umeacha nafasi ya miaka mingi ya kukaguliwa. Anayekufa kwa saratani ya mlango wa kizazi, mara nyingi amekufa kwa sababu miaka hiyo ilipita bila mtu kuangalia.

7. KINGA YA KWANZA: CHANJO KWA MABINTI

Chanjo ya HPV hutolewa kwa wasichana kabla hawajakutana na kirusi. Wakazi wa Mwanza wana haki ya kujua kwamba mkoa wao ulikuwa na sehemu kubwa katika kazi hii. Kati ya mwaka 2010 na 2012, watafiti wa Mwanza na wenzao wa London walijaribu namna ya kuifikisha chanjo katika shule za msingi 134 za mkoa. Shule nyingine zilichanja wasichana kwa kufuata umri, nyingine kwa kufuata darasa la sita. Zaidi ya robo tatu ya wasichana waliostahili walimaliza dozi zote tatu zilizohitajika wakati ule, na waliochanjwa kwa kufuata darasa walifikiwa zaidi. Ilidhihirika kwamba chanjo hii yaweza kutolewa katika shule za kawaida za nchi hii.

Aprili 2018 Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zikipishana miezi sita. Lakini swali lilibaki: Je, dozi moja haitoshi? Mwanza ilihusika tena. Katika utafiti ulioanza mwaka 2017, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa katika makundi ya dozi moja, mbili na tatu. Baada ya miaka miwili, karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kinga dhidi ya aina za 16 na 18. Nchini Kenya, katika Kisumu iliyo kandoni mwa ziwa hili hili, pamoja na Nairobi na Thika, wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki utafiti mwingine ulioonyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina hizo kwa zaidi ya asilimia 95 katika miezi 18 ya kwanza. Kwa ushahidi wa namna hiyo, Shirika la Afya Duniani liliikubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikaifuata kuanzia Aprili 2024 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo hutolewa bure.

Huenda mzazi akauliza kama chanjo hii hufunga uzazi. Haifungi. Haina dawa ya uzazi wa mpango ndani yake, wala haina kirusi hai. Ina mfano wa gamba la nje la kirusi tu, ambao huufundisha mwili kumtambua adui. Kinyume cha uvumi huo ndicho kweli: kinachomnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, na upasuaji wa kuondoa kizazi unaofuata. Wengine husema chanjo itamfundisha binti uasherati. Binti wa miaka 9 hachanjwi kwa sababu ya tabia yake ya leo, bali kwa sababu siku moja ataolewa, na kinga hujengwa kabla ya hatari kufika. Mkulima hangoji funza waingie katika vitumba ndipo aanze kutafuta bomba la kupulizia.

8. KINGA YA PILI: UCHUNGUZI KWA AKINA MAMA

Chanjo haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia, wala haizuii kila aina ya kirusi. Kwa hiyo mama wa binti yule anahitaji uchunguzi. Katika Tanzania unahimizwa hasa kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na VVU wanahitaji kuanza mapema zaidi na kurudi mara nyingi zaidi.

Wanawake wengi huogopa kwa kuwa hawajui kinachofanyika. Ifahamike basi. Muuguzi aliyefundishwa humlaza mama faraghani, hutazama mlango wa kizazi kwa kifaa maalumu, hupaka maji ya siki hafifu, na kungoja dakika moja au zaidi. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Hapakatwi kitu, na kazi yote humalizika kwa dakika chache. Zikionekana dalili za awali ambazo ni ndogo, mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kuunguza kidogo kwa joto au kugandisha kwa baridi kali, na mama hurudi nyumbani. Kipo pia kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe, ambacho mama aweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 linakipendekeza kiwe kipimo cha kwanza.

Ichukuliwe kaya moja kwa mfano. Mama wa miaka 38, mwenye watoto sita, amesikia kwamba waganga watafika kituo cha afya siku ya Alhamisi. Anamwomba mumewe nauli.

"Baba, nipatie nauli niende nikapimwe kizazi."

"Kwani unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa kama huumwi, unakwenda kupimwa nini? Palizi haijaisha."

Mume huyo si mtu mbaya. Anasema ambalo wengi wangesema. Lakini amekosea katika neno moja, nalo ni zito: kipimo hiki ni cha asiyeumwa. Akisubiri aumwe, atakuwa amesubiri saratani. Misimu minne baadaye mama anatokwa damu kila baada ya kukutana na mumewe, anaona aibu kusema, anatumia mizizi kwa miezi saba, na mwishowe ng'ombe wanne wanauzwa ili alazwe. Nauli ile ya Alhamisi haikufika bei ya mguu mmoja wa ng'ombe.

9. DALILI ZISIZOPASWA KUNGOJEWA, LAKINI ZIKIONEKANA ZISICHELEWESHWE

Mwanzoni ugonjwa hauna dalili. Ukikomaa huonyesha haya: kutokwa damu baada ya kujamiiana, au kati ya hedhi na hedhi, au baada ya hedhi kukoma kwa umri, kutokwa majimaji yenye harufu mbaya, maumivu ya kiuno na ya chini ya tumbo, na baadaye kukonda na kuvimba miguu. Si kila mwenye dalili hizi ana saratani, lakini kila mwenye dalili hizi lazima aonwe na mganga wa hospitali bila kukawia. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma isiitwe mambo ya uzee.

Ukigunduliwa mapema, ugonjwa hutibika kwa upasuaji. Ukichelewa huhitaji mionzi na dawa kali. Kwa miaka mingi mgonjwa wa ukanda wa ziwa aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi walikata tamaa njiani au hawakuondoka kabisa. Leo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima cha jiji la Mwanza, inatoa tiba ya mionzi. Umbali umepungua, kuchelewa ndiko kumebaki.

10. WAJIBU WA CHAMA

Chama cha msingi si hospitali, wala katibu si mganga. Hata hivyo chama kina vitu ambavyo zahanati haina: daftari la kaya zote, mkutano unaohudhuriwa, uwanja, ghala, na siku za mizani ambapo watu hukusanyika wenyewe. Yafuatayo yanaweza kufanywa bila gharama kubwa:

(a) Somo hili lisomwe katika mkutano ambao wake za wanachama wamealikwa kwa majina yao wenyewe, si kwa majina ya waume zao.

(b) Bodi ya chama imwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya kuomba siku ya uchunguzi na elimu, na ikitoe chumba cha ghala au ofisi chenye faragha kwa kazi hiyo. Siku nzuri ni baada ya malipo, wala si katikati ya palizi.

(c) Mkutano mkuu ufikirie kutenga fungu dogo katika fedha za elimu na jamii kwa ajili ya nauli ya wanaopewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Fungu hilo liwe na kanuni zilizoandikwa, ili lisitumike kwa upendeleo.

(d) Wanachama wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14, hasa wale wasiosoma shule, wakumbushwe kuwapeleka kwenye kituo cha chanjo.

(e) Siri ilindwe. Chama kisiandike wala kisitangaze jina la aliyepimwa, majibu yake, wala ugonjwa wake. Katibu akihitaji hesabu ya nauli, aandike kiasi na tarehe ya safari. Sababu ya safari ibaki kwa mgonjwa na mganga. Katibu atakayevunja siri moja atakuwa ameifunga njia kwa wanawake wote wa kijiji.

Mwaka 2020 mataifa ya dunia yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030, wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo bora kabla ya miaka 35 na tena kabla ya miaka 45, na wagonjwa 90 katika kila 100 wawe wametibiwa. Lengo hilo haliwezi kutimizwa mijini peke yake. Litatimizwa au litashindikana katika vijiji ambamo vyama vya msingi vimo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtu mwenye maambukizi ya kudumu hajisikii mgonjwa? Toa mfano mwingine wa hatari inayokaa kimya, katika shamba au katika hesabu za chama.

2. Kuna tofauti gani kati ya dalili za awali na saratani yenyewe? Tofauti hiyo ina maana gani kwa mwanamke mwenye miaka 35?

3. Katika kaya ya mfano, nani alikosea, na alikosea wapi? Chama kingeweza kufanya nini kabla ya siku ile ya Alhamisi?

4. Ni uvumi gani juu ya chanjo uliosikika katika kijiji hiki? Ujibuni kwa maelezo ya sehemu ya saba.

5. Kwa nini mwanamke anayeishi na VVU hapaswi kungoja hadi miaka 30?

6. Katika kaya zilizo kwenye daftari la chama hiki, ni wanawake wangapi wenye umri wa miaka 30 hadi 50? Hesabu hiyo iandikwe bila majina na iambatishwe na barua ya bodi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

Swali la sita ndilo lenye kazi. Chama kitakachojadili mengine yote na kuliacha hilo kitakuwa kimesoma somo bila kulitenda. Makatibu wanaombwa kuweka kumbukumbu ya tarehe ya mjadala, idadi ya waliohudhuria, wanaume na wanawake, pamoja na tarehe ambayo barua ilipelekwa, na kuzionyesha kumbukumbu hizo katika ukaguzi ujao wa chama.